Je, Wajua? Tangazo la Simu Likivuka Feri

Wauzaji wengi wakisema "tunalenga Mombasa" huchora duara moja kwenye ramani, wakapachika picha ya mnazi na ngalawa, wakalipia tangazo, kisha wakasubiri simu ilie. Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe huliona tangazo hilo wakalipita. Juma hili safu yetu imekusanya mambo yatakayomfaa mwenye duka, mpishi wa oda, fundi na hata kampuni kubwa inayotaka kumfikia mtu wa ng'ambo ya kisiwa kupitia simu yake. Ni mengi, tuanze.

WATU NA MAJI

• Je, wajua kuwa Mombasa ya kwenye kadi za posta siko wanakolala watu wa Mombasa? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na watu 154,171 tu. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Ukitia Nyali na Jomvu, zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 hulala nje ya kisiwa. Ukiweka picha ya Mapembeni, kule kisiwani, kwenye tangazo, wengi wao unawaonyesha mahali wanapopita wakienda kazini.

• Duara dogo kabisa unaloweza kulichora kwenye ramani ya matangazo ya Facebook huenda kama maili 1 kila upande, yaani kilomita moja na nusu na ushei. Mlango wa bahari kati ya Likoni na kisiwa hauzidi sana nusu kilomita. Kwa hivyo ukiweka alama yako kwenye gati la Likoni, duara linavuka maji lenyewe na kuingia Ganjoni. Utapata oda ya chipsi kutoka upande wa pili, na mpeleka chakula atakwama kwenye foleni ya feri. Dawa ipo: ramani hiyo hiyo hukuruhusu kuondoa eneo usilolitaka. Ondoa kisiwa, ubaki na ng'ambo.

• Anayevuka kwa miguu kwenye feri ya Likoni halipi kitu, ila gari na pikipiki hulipa. Feri hukadiriwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Ndiyo maana mtu wa Likoni akisoma "tunaleta bure Mombasa nzima" swali lake la kwanza ni: "Hadi ng'ambo pia?" Lijibu ndani ya tangazo kabla hajauliza. Andika "Likoni tunafika, nauli ni kiasi fulani" na utakuwa umeshawapita wenzako kumi.

• Kila upande una mlango wake. Kisauni hutegemea Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Changamwe hupita Kibarani hadi Makupa. Likoni ni feri. Foleni za milango hiyo mitatu hazifanani, na feri moja ikiharibika asubuhi, Likoni nzima hushika simu kuuliza kulikoni. Mwenye ukurasa anayetoa habari za feri kila asubuhi hupata watazamaji ambao muuzaji wa bidhaa pekee hawapati hata akilipa.

• Anwani hapa ni alama. Mtu atakwambia yuko Magongo, mbele ya msikiti, mkono wa kushoto, kwenye kibanda cha rangi ya kijani. Mwingine yuko Mwandoni au Kiembeni, "ukifika stegi nipigie". Fomu ya mtandaoni inayodai jina la barabara na namba ya nyumba humfukuza mteja mlangoni. Weka sehemu moja tu iliyoandikwa: "Tuelekeze."

• Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu, na mabango yaliyochorwa ukutani yakafutwa. Wafanyabiashara waliozoea kuandika jina la duka ukutani walilazimika kutafuta mahali pengine pa kuonekana, na kwa wengi mahali hapo pakawa simu.

WAYA, BANDO NA SIMU

• Je, wajua kuwa intaneti ya kasi ya Afrika Mashariki iliingilia hapa? Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na SEACOM. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na bei haikushikika. Mwaka huo huo Facebook ikaanza toleo la Kiswahili, kazi iliyofanywa na wasomi wa lugha yenyewe.

• Lakini waya kupita karibu na nyumba si kuingia ndani. Sensa ya 2019 ilikuta kuwa kati ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu yao wenyewe, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 4.3 tu ndio walionunua vitu mtandaoni. Hali imesonga tangu hapo. Hata hivyo, ipo tofauti kati ya mtu anayekuona mtandaoni na mtu anayenunua mtandaoni. Wengi hukuona kwenye simu, wakaja kununua dukani kwa miguu yao.

• Watu wengi hununua bando la saa moja au la siku. Video ya dakika tatu iliyopigwa kwa ubora wa sinema humla mtu bando, naye hana sababu ya kukulipia matangazo yako. Sekunde 20, maandishi makubwa, bei ionekane mapema. Na usitegemee sauti: ndani ya feri na matatu kelele ni nyingi. Video isiyoeleweka ikizimwa sauti haitaeleweka Likoni.

• Mnamo Oktoba 2019 Safaricom ilianza kuuza bando zisizo na tarehe ya kuisha. Julai 2020, ikishirikiana na Google, ikaja na mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: simu ya 4G kwa kutanguliza shilingi 1,000, kisha shilingi 20 kwa siku. Jina la mpango ndilo lililobeba tangazo lote. Bei kamili ya simu ilikuwa maelfu, lakini mteja alisikia ishirini, fedha ambayo anaijua kwa kuishika.

• Meseji ya kawaida ya simu hubeba herufi 160. Ukitia emoji, au kialama kimoja kisichokuwamo katika orodha ya zamani ya herufi za simu, nafasi hushuka hadi 70. Kiswahili kina bahati, kwani herufi zake zote zimo katika orodha hiyo. Mtego uko kwenye king'ong'o. Andika "Ofa ya unga leo kwa wateja wa ng'ambo" kwenye kompyuta, na programu inaweza kuigeuza alama iliyonyooka ya ng' kuwa ile iliyopinda. Iliyonyooka imo kwenye orodha, iliyopinda haimo. Alama hiyo moja hukata meseji ndefu vipande viwili au vitatu, na kila kipande hulipiwa. Ukituma kwa wateja elfu tano, umelipia alama.

• Ripoti ya habari za kidijitali ya Taasisi ya Reuters ya 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizochunguza kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa. Kabla hujahamisha bajeti yote huko, jua kuwa waliohojiwa ni watu walioko mtandaoni, wanaosema Kiingereza, wa umri wa miaka 18 hadi 50. Mama wa Timbwani anayesikiliza redio na kusoma WhatsApp hakuulizwa.

MFUKO

• Je, wajua kuwa Ufilipino iko karibu na Kisauni kuliko unavyodhani? Huko kuna vijiduka vya mtaani viitwavyo sari-sari, ambako mtu hununua shampuu ya pakiti moja, sigara moja, mafuta ya kupikia ya kipimo. Hapa twaita kadogo. Kampuni kubwa za sabuni zimejifunza katika nchi zote mbili kuwa mteja wa kila siku hutaka kiasi cha leo. Kwa hivyo tangazo lionyeshe pakiti ndogo na bei yake. Ukimtolea picha ya katoni, umemwambia kuwa humjui.

• Wakenya hupenda kusema pesa za simu zilizaliwa hapa. M-Pesa ilianza Machi 2007, nayo ikaenea kwa kasi. Lakini Wafilipino walikuwa na Smart Money tangu mwaka 2000 na GCash tangu 2004. Tofauti ni kwamba M-Pesa ilijiuza kwa jambo moja ambalo kila mtu alikuwa nalo: kutuma pesa nyumbani. Tangazo lenye kazi moja husikika kuliko lenye kazi kumi.

• Tangu 2015 Safaricom ina huduma ya Hakikisha, inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka. Kwa mnunuzi wa mtandaoni hiyo ndiyo hakimu. Ukurasa wako ukiitwa kwa jina la duka, kisha namba ya malipo ikatoa jina la mtu asiyejulikana, oda inaishia hapo. Namba ya tili yenye jina la biashara ni tangazo lenyewe, tena la bure.

• "Bei inbox." Maneno mawili yanayofukuza wateja wengi kuliko bei yenyewe. Mtu aliyezoea Soko la Kongowea anajua bei husemwa kwa sauti mbele ya watu, kisha maongezi yakaanza. Andika bei, na ukitaka kuonyesha roho, ongeza "maongezi yapo". Utaulizwa "mwisho ngapi?" na hilo ni swali la mtu anayetaka kununua.

• Mishahara haiingii siku moja. Wa afisini na wa bandarini hungoja mwisho wa mwezi, kibarua wa kiwandani hupokea kwa wiki, mjenzi na mchuuzi kwa siku. Tangazo la makochi lipeleke Changamwe mwezi unapoisha. Tangazo la samaki wa kukaanga lipeleke leo saa 10 jioni, mtu anapofikiria atakachokula usiku.

• Kuna pia mshahara unaotoka mbali. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani kama dola bilioni 4.9, na Saudia ni miongoni mwa vyanzo vikubwa. Familia nyingi za Likoni na Kisauni zina mtoto Riyadh, Doha au Dubai. Wauzaji wa Ufilipino walilijua hili zamani: humtangazia aliyeko Ghuba, naye akalipia friji inayopelekwa kwa mamake. Muuzaji wa mabati, viwanja au karo za shule wa hapa afanye vivyo hivyo. Mpigie debe mwenye pesa, kisha umpelekee picha ya mzigo ukipokelewa nyumbani.

SAA

• Je, wajua kuwa mashine nyingi za kupanga matangazo hazijui saa za Kiswahili? Mtu wa Ulaya huandika 8:00 za usiku, programu ikatafsiri "saa 8 usiku". Kwa mtu wa Mtongwe hiyo ni saa ya kulala fofofo. Ofa iliyotakiwa kuisha saa 2 usiku sasa inasomeka kuwa inaisha saa 8 usiku, na mteja wa saa 4 akikataliwa atakuita mwongo. Soma kila saa kwa jicho lako kabla ya kuachia tangazo.

• Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ukinakili ratiba ya mwaka jana, utamtakia mtu mfungo mwema ilhali ameshaanza kuhesabu siku za Idi. Na kwa kuwa Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, magharibi huingia kati ya saa 12 na saa 12:45 jioni mwaka mzima. Picha ya biriani ikitokea saa 8 mchana ni kero. Ikitokea saa 10 alasiri, wakati jikoni kunapangwa, ni msaada. Baada ya tarawehe ndipo watu hushika simu kwa utulivu, na wengine huzishika tena wakiamkia daku.

• Ijumaa mchana acha simu za watu zipumue. Ukituma meseji ya ofa wakati wa hotuba, simu inalia msikitini na jina la duka lako ndilo linalotajwa kwa ubaya.

• Saa za Kenya ni sawa na za Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Falme za Kiarabu na Oman ziko mbele kwa saa moja tu. Hivyo tangazo la saa 3 usiku huwakuta binti wa Riyadh na mamake wa Majengo Mapya wakizungumza kwa video. Wafilipino wa Ghuba wako saa nne au tano nyuma ya nyumbani kwao. Hapa jiografia imetupendelea.

NDIMI NA SALAMU

• Je, wajua kuwa "watu wa Pwani" ni watu wengi? Likoni kuna Wadigo wenyeji. Kisauni utasikia Kigiriama na ndimi nyingine za Kimijikenda. Wachangamwe ni moja ya Taifa Tatu za Waswahili wa Mombasa, na mitaa yao ilijaa wafanyakazi wa reli, bandari na viwanda kutoka bara, kwa hivyo Changamwe utasikia Kiluo, Kikamba na Kitaita stegi moja. Lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili kilichonyooka. Sheng ya Nairobi huchekesha, lakini ikimuuzia mtu mzima bima au shule ya mtoto humfanya aulize: huyu ananifahamu?

• Salamu ni sehemu ya mauzo. Mteja huanza na "Asalaam aleikum" au "habari za asubuhi", na anatarajia ijibiwe kabla ya bei. Jibu la mashine linaloruka moja kwa moja kwenye orodha ya bidhaa huonekana la mtu asiye na adabu. Mama mtu mzima aitwe mama, kijana aitwe kaka au dada. Neno "mpendwa mteja" halimwiti yeyote.

• Redio zilijua hili zamani. Vipindi vya salamu vilijenga watu maarufu ambao kazi yao ilikuwa kutuma kadi na kutaja majina. Leo Mombasa ina Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam na Pwani FM ya KBC, na watangazaji husoma maoni ya Facebook hewani. Mtu akisikia jina lake na mtaa wake, huwaambia majirani. Nawe ukiwa laivu, taja jina: "Mama Zuhura wa Mishomoroni, nimekuona."

• Tamthilia ya Kifilipino ya The Promise iliwakalisha Waafrika Mashariki mbele ya televisheni miaka ya 2000, bila mtu kuwa na ndugu Manila. Kilichowashika ni mama, mkwe, utajiri, siri na machozi. Miaka baadaye Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mume na mke waliojulikana kwa kusoma habari kwa Kiswahili, walitayarisha Maria (2019), kisha Zora na Sultana, zikaonyeshwa Citizen TV. Tangazo la sekunde 30 lenye mama mkwe na siri ndogo ya jikoni litatazamwa hadi mwisho.

• Na sasa tuingie kwenye chumba kimoja cha muuza dera. Simu imeegemezwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga, taa ya duara imewashwa, feni imezimwa ili isingurume. Anainua dera, analinyoosha, analigeuza mgongo, anavuta kitambaa mbele ya kamera ili mtu aone kama kinapenya mwanga. "Namba saba hii, mia sita, inaingia mpaka mwili mkubwa, mwenyewe nani?" Maoni yanamiminika: "7 yangu", "saba nimeshika mie". Mdogo wake ameketi nyuma na daftari la shule, anaandika jina na namba ya simu kwa mpangilio wa waliotangulia. Meseji ya M-Pesa ikilia, anatia alama ya vema. Asiyelipa ndani ya dakika kumi, dera linarudi hewani. Anapotaja mzigo wa Likoni, husema pia ni tuktuk ipi itaupeleka hadi gati na nani ataupokea upande wa pili. Hapo zimo bei ya wazi, jina la mtu, malipo yanayoonekana na njia ya kuvuka, na hakuna kampuni ya matangazo iliyomfunza.

IMANI NA SHERIA

• Je, wajua kuwa ujumbe wa WhatsApp unaotuma kwa orodha ya matangazo humfikia tu aliyeihifadhi namba yako? Waweza kuwa na namba 200 na ukasomwa na 30. Ndiyo maana wauzaji wazoefu humwambia kila mteja dukani, "seva namba yangu, ukitoa salamu nitakupa bei ya mzigo mpya." Namba iliyohifadhiwa ina thamani kuliko mfuasi wa TikTok.

• Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote: ujumbe mmoja hupelekwa mbele kwa watu au makundi 5 kwa mara moja. Aprili 2020 ikabana zaidi kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa sana: soga moja tu. Tangazo lako halitasambaa kwa kusukumwa na mtu mmoja. Linahitaji watu kumi wa chama, wa harusi au wa maskani, kila mmoja na kundi lake.

• Kenya ilipata benki zake za kwanza za Kiislamu kamili mwaka 2008: Gulf African Bank na First Community Bank. Wateja walikuwapo siku zote, wakikwepa riba. Tangazo la "mkopo wa riba nafuu" kwa watu hawa ni kama kumwalika jirani anayefunga kwa chakula cha mchana. Mueleze jinsi mali inavyonunuliwa na kuuzwa kwake kwa faida iliyotajwa, au umuuzie kitu kingine.

• Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Hapa Pwani, hata kabla ya sheria, mwanamke kupigwa picha harusini ikatokea kwenye tangazo la ukumbi ni ugomvi wa koo mbili. Omba ruhusa kwa maandishi, hata kwa meseji.

• Namba aliyokuachia mtu ili umpelekee gesi si ruhusa ya kumtumia ofa kila Jumatatu. Sheria hiyo hiyo inataka ridhaa yake kabla ya kutumia data yake kwa biashara, na awe na njia ya kujitoa. Wakenya wengi wanaijua *456*9*5#, namba ya kuzuia meseji za matangazo, kuliko jina la mbunge wao, na wakishaipiga hurudi mara chache.

• Matangazo ya kazi za Ghuba ndiyo yanayoaminika haraka na kuumiza zaidi. Kabla ya kushiriki tangazo la "housemaid Saudia, hakuna malipo", angalia kama wakala yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ukurasa unaoshiriki tangazo la matapeli hupoteza imani ya mtaa mzima, hata kama wenyewe huuza viatu.

• Unayemlipa akutangazie ana mkono wa serikali begani. Tangu Julai 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 pale pale. Mwafikiane mapema: elfu kumi ni kabla ya kodi au baada?

HARAKA HARAKA

• Kwenda laivu TikTok kwa kawaida huhitaji wafuasi 1,000 na umri wa miaka 18.

• WhatsApp Business, yenye orodha ya bidhaa na majibu ya haraka, ilianza Januari 2018, nayo haina malipo kwa duka dogo.

• Soko la Kongowea liko eneo bunge la Nyali, lililomegwa kutoka Kisauni na kuanza na uchaguzi wa 2013. Orodha ya wateja iliyoandikwa kabla ya hapo inakudanganya.

• Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi 1963 na kuacha kusafisha 2013. Tangazo linalolenga "wafanyakazi wa rifaineri" limechelewa.

• Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kwa tangazo la UNESCO la 2021. Ni siku nzuri ya ofa, mradi tangazo lenyewe lisiwe na makosa ya Kiswahili.

• Picha ya bidhaa mkononi mwa mtu huuza kuliko picha iliyonakiliwa kutoka katalogi ya China, kwa sababu mteja ameshaiona ile ya China kwenye kurasa nyingine sita.

• Maoni ya mteja aliyekasirika usiyafute. Mjibu hapo hapo, kwa adabu, na watu waone. Ukiyafuta, atayapeleka kwenye kundi la mtaa ambako huna kauli.

• Na la mwisho. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya kutosha kuhusu anachonunua, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ikapitishwa 2012. Saa, bando, duara la ramani na salamu ni ufundi, nao hubadilika kila programu ya simu inapobadilika. Lakini mteja wa Likoni aliyeuziwa kitu tofauti na kile cha kwenye picha ana haki kisheria, na gharama ya kuvuka kukutafuta ni sufuri.